Semina ya Farasi Wenye Njaa

Bi Kwato hakuwahi kumpiga farasi hata siku moja. Binadamu aliwahi kumpiga, mara moja tu, kwa ndoo, na ukimwuliza atakwambia ndoo yenyewe ilikuwa tupu kwa hiyo lile lihesabiwe nusu kosa. Jina lake la kwenye kitambulisho alilijua karani wa mishahara peke yake. Wengine wote walimwita Bi Kwato, kwa sababu angeweza kukaa ndani ya stoo ya matandiko, mlango umefungwa, akasikia farasi anapita nje, akakwambia ni farasi gani, anaongozwa na nani, na chuma cha mguu upi kimeanza kulegea.

Aliingia kazini kwenye lile banda la farasi akiwa na miaka ishirini na minne, kufua mablanketi na kufagia ofisi. Mwezi wa tatu, saisi aliyekuwapo akavunjika mguu, farasi tisa wakabaki hawana mtu. Mwenye banda, mzee mkali aliyeitwa Bosi Mkubwa, akamwuliza kama anaogopa. Bi Kwato akajibu kwamba anaogopa sana, ila anayemwogopa siye farasi. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamkabidhi brashi. Saisi alipopona alikuta nafasi yake ina mwenyewe.

Tangu hapo miaka ishirini na tisa ikapita. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa keshafika, na kabla hajamsalimia mtu alipita chumba kwa chumba akitazama maji yamenywewa kiasi gani, majani makavu yamebaki kiasi gani, na mavi yako wapi na yana sura gani. Wageni wakikunja pua aliwashangaa.

"Hii ni barua," alikuwa akiwaambia. "Kila asubuhi anakuandikia alivyolala. Sasa wewe usiyetaka kuisoma, usije ukalalamika kwamba hukuambiwa."

Miongoni mwa farasi tisa waliokuwapo sasa alikuwamo Shungi, jike la kahawia lenye nywele nyingi za paji la uso zilizomfunika macho kama msichana asiyetaka kuchanwa. Bi Kwato ndiye aliyempokea siku anazaliwa, akimvuta miguu ya mbele huku mama yake akilalama. Sasa Shungi alikuwa na miaka kumi na sita. Watoto aliwabeba kwa hadhari kama amebeba mayai, na watu wenye majivuno aliwageuzia makalio. Bi Kwato alimpenda kwa yote mawili, ila la pili alilipenda zaidi.

Bosi Mkubwa alipofariki, banda likabaki kwa mwanawe, Bosi Mdogo. Kijana huyu, Bi Kwato ndiye aliyempandisha farasi kwa mara ya kwanza, ana miaka mitano, analia, makamasi yanamtiririka. Wakiwa wawili alimwita mama. Mbele ya wageni alimwita "mhudumu wetu." Bi Kwato aliliona hilo akalimeza, kwani alikwisha kumeza makubwa kuliko hilo.

Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu mbaya unamjua, unakaa naye mbali. Huyu alikuwa mtu laini, anayekubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Na siku moja mtu aliyezungumza naye mwisho akawa bwana mmoja aliyejiita Mshauri wa Uongozi.

Mshauri alikuja na buti za kupandia farasi zinazofika magotini, zinang'aa kiasi kwamba Bi Kwato alisema hata vumbi lilikuwa linazionea haya. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mameneja wa makampuni waletwe bandani asubuhi moja, waingizwe uwanjani na farasi, wajifunze namna ya kuongoza watu. Alisema farasi hadanganyiki, farasi anamtambua kiongozi wa kweli. Bi Kwato alikuwa pembeni anachokoa kwato, akasikia, na kwa haki kabisa akaona bwana huyu hajakosea.

Wiki ya kwanza Mshauri alimfuata kila alipokwenda, daftari mkononi, akimvisha kilemba cha ukoka.

"Mama, wewe ni chuo kikuu kinachotembea," alimwambia. "Hebu nieleze, siri ya kumfanya farasi akufuate ni nini?"

Hapo Bi Kwato alilewa sifa, na mwenyewe anakiri. Miaka ishirini na tisa hakuna aliyemwuliza kitu isipokuwa ndoo iko wapi. Akamwaga yote. Alimweleza jinsi ya kumkaribia farasi ubavuni na si usoni. Alimweleza kwamba farasi hasikilizi maneno, anasikiliza pumzi. Na siku ya mwisho, wakiwa wamekaa juu ya robota la majani, alimwambia lile alilokuwa hajamwambia mtu.

"Farasi hakufuati kwa sababu unajua kumwamrisha. Anakufuata kwa sababu jana hukumdanganya."

Mshauri akaliandika, akalipigia mstari chini. Jumamosi yake Bi Kwato alipita kando ya ukumbi na deli la maji, akachungulia dirishani, akakuta maneno yale yale yameangaziwa ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake limeandikwa jina la Mshauri. Akasimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Si kwamba alitaka jina lake liandikwe, maana hata yeye alikuwa hajalizoea. Kilichomchoma ni kwamba aliyoyasema ilimpasa kuishi miaka ishirini na tisa ndipo ayajue, na bwana huyu aliyachukua kwa dakika tano akiwa amekaa kitako.

Semina ya kwanza ilikuwa aibu. Meneja mmoja mwenye kifua kama jokofu aliingia uwanja wa duara, akatanua mikono, akamwita Shungi kwa sauti ya kikao. Shungi akamtazama kutoka chini ya nywele zake, akageuka taratibu, akainua mkia na kujisaidia. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Mshauri naye alicheka, kwa meno tu.

Jumatatu Bosi Mdogo akamwita Bi Kwato ofisini. Mshauri alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu.

"Mama, kuna badiliko dogo," Bosi Mdogo alisema. "Siku za semina, farasi wasipewe majani. Kuanzia jioni ya kuamkia siku hiyo hadi semina iishe."

"Wafunge? Wamekosa nini?"

"Wawe na ari," Mshauri akaingilia. "Farasi aliyeshiba hana motisha. Washiriki watakuwa na pumba kidogo mifukoni, kama zawadi."

Bi Kwato hakumtazama. Alimtazama yule kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika hatamu.

"Mwanangu, farasi si mbwa umnyime umpe. Tumbo lake dogo, utumbo wake mrefu kuliko uwanja huu. Yeye hula kidogo kidogo mchana kutwa. Ukimwacha mtupu, kule ndani hakulali. Marehemu baba yako alikuwa anafukuza mtu kwa hilo."

"Ni asubuhi moja tu, mama."

"Haya," alisema Bi Kwato.

Hilo "haya" ndilo analolijutia mpaka leo. Angeweza kusema hapana. Hakusema. Alikwenda akafanya alivyoambiwa, na asubuhi moja ikawa mbili kwa wiki, mbili zikawa tatu, maana semina zilipendwa ajabu. Zilipendwa kwa sababu sasa farasi walifuata. Walifuata kila mtu! Walimfuata mwenye kifua, walimfuata mwoga, walimfuata bwana mmoja aliyekuwa anaongea na simu muda wote. Mfuko wa pumba ulipokwenda, nao walikwenda, pua mbele, na Mshauri kando ya uzio akihubiri.

"Mnaona? Amehisi kujiamini kwako! Umebadilika wewe, naye akabadilika!"

Zoezi likiisha, pumba chache zilizomwagika zilibaki chini, na farasi waliinamisha vichwa wakaziokota punje kwa punje pamoja na mchanga. Zikiisha pumba waliendelea kulamba mchanga, kwa sababu mnyama mwenye njaa hula kilichopo. Mshauri alikuwa na tafsiri yake hata kwa hilo.

"Tazameni, ameinamisha kichwa," alinong'ona kwa heshima. "Analamba midomo. Kwa lugha ya farasi anasema: nimekukubali uniongoze."

Mameneja wakapiga makofi. Nje ya uzio, mikono ndani ya aproni, Bi Kwato alihisi damu imempanda masikioni. Ile lugha ya farasi alikuwa anaijua. Shungi alikuwa anasema ana njaa.

Wiki ya tano alichukua mavi ya Shungi, akayatia kwenye ndoo ya maji, akayavuruga kwa fimbo, akayaacha yatulie. Alipoyamwaga taratibu, chini ya ndoo kulibaki mchanga wa kujaza viganja viwili. Hakuosha mikono. Alibeba ndoo vile vile mpaka ofisini, akaitua juu ya meza, katikati ya makaratasi ya Mshauri.

"Mama! Umeniwekea mavi mezani?" Bosi Mdogo aliruka.

"Mavi nimeyamwaga. Hicho ni kiwanja chako, kimetoka tumboni mwa Shungi. Na hicho ni kilichotoka. Kilichobaki ndani Mungu ndiye anajua."

Bosi Mdogo alichungulia. Kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa mtoto wa miaka mitano, na Bi Kwato akadhani ameshinda. Lakini Mshauri alikuwa hajazungumza, na mwenye kuzungumza mwisho ndiye mwenye banda.

"Inawezekana ndoo ilikuwa na mchanga tangu mwanzo," alisema Mshauri, akivuta makaratasi yake kwa ncha za vidole. "Tuna makampuni kumi na mawili yamekwisha kujiandikisha. Tumalize msimu, kisha tufanye tathmini."

"Tutafanya tathmini, mama," alisema Bosi Mdogo.

Semina iliyofuata Bi Kwato aliwapa farasi majani alfajiri kwa siri, wakala wakashiba, na saa tatu hakuna aliyemfuata meneja hata mmoja. Shungi alilala usingizi wa kusimama mbele ya mkurugenzi mzima. Haikuhitaji polisi kumjua mhalifu. Mchana ule ule stoo ya majani ikatiwa kufuli, ufunguo ukaning'inizwa kwenye mkanda wa Bosi Mdogo, na Bi Kwato akaambiwa kwamba akirudia, au akifungua mdomo mbele ya wageni, unga umemwagika.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa anashona sare za shule huku pini zimembana midomoni. Aliusikiliza mkasa wote bila kuinua macho, kisha akazitoa pini moja moja.

"Mama watoto, acha kazi."

"Nikiacha, nani atawatazama?"

"Na sasa hivi unawatazama, au unawatazama tu?"

Alitamani amrushie pasi. Usiku ule hakumpa chai, naye hakuiomba, maana alijua amegusa kidonda. Bi Kwato alikuwa na hasira na Mshauri, alikuwa na hasira na Bosi Mdogo, lakini aliyemkasirisha kuliko wote alikuwa yule mwanamke aliyepita chumba kwa chumba kila jioni ya kuamkia semina na kuyatoa majani mbele ya farasi kwa mikono yake mwenyewe. Huyo hakuweza kumkimbia. Walilala kitanda kimoja.

Ikaja Jumamosi ya wiki ya nane. Saa kumi na mbili na dakika chache Bi Kwato alifika chumbani kwa Shungi, akakuta maji hayajaguswa na chini hakuna mavi hata punje. Shungi alikuwa anageuza shingo akitazama ubavu wake, anarudisha uso, anatazama tena, kama mtu anayesikia kitu nyuma yake. Mguu wa mbele ulikuwa unakwangua sakafu. Bi Kwato aliweka sikio tumboni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kutwa. Lile lilikuwa kimya.

Alimpigia simu daktari wa mifugo hapo hapo, akaambiwa yuko mbali, atafika kwenye saa sita. Kisha akakimbilia maegesho, ambako Bosi Mdogo alikuwa anawapokea wageni wa kwanza. Akamvuta kando kwa mkono wa shati.

"Shungi asiingie uwanjani leo. Tumbo limesimama."

"Mama, Shungi ndiye yuko kwenye tangazo. Wamekuja kumwona yeye."

"Nakwambia anaumwa!"

"Ni saa moja tu. Daktari si umeshamwita? Akija atamkuta yupo." Akageuka, tabasamu tayari. "Karibuni sana! Karibuni!"

Bi Kwato alikataa kumtoa. Alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, akasema mikono yake haimtoi. Mshauri akasema hakuna shida, akapita pembeni yake, akamvika Shungi kamba mwenyewe, kombo, akamvuta. Na Shungi akaenda, kwa sababu Bi Kwato alimlea aende akiongozwa. Hata hilo alimfundisha yeye.

Uwanjani aliingia meneja mwanamke, mfupi, mwenye miwani, aliyeonekana wazi kwamba angependa kuwa nyumbani kwake. Shungi alimfuata hatua nne. Ya tano hakuiweza. Alitazama ubavu wake, akakunja miguu ya mbele, akajilaza mchangani na kutoa pumzi ndefu.

Wageni wakashusha pumzi nao. Simu zikainuliwa.

"Msiseme neno," alinong'ona Mshauri, machozi karibu yamtoke. "Farasi halali chini mbele ya mtu asiyemwamini. Miezi hii yote sijawahi kuliona hili. Dada, umepewa uongozi kamili."

Wakaanza kupiga makofi.

Bi Kwato hakumbuki alivyopita chini ya uzio. Anachokumbuka ni Mshauri akimzuia kwa kiganja na kusema, "Mama, usivuruge zoezi," na bega lake mwenyewe likimwondoa bwana yule njiani, vile vile linavyomwondoa farasi aliyemkanyaga mguu. Mshauri aliketi mchangani na buti zake.

"Anakufa huyu, nyie mnapiga makofi!" alipiga kelele. "Tokeni! Shungi, simama. Simama, mama yangu. Simama!"

Alimshika kamba, akamsukuma bega, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, na Shungi akajikusanya akasimama, jasho limemtota shingo nzima. Ikabidi atembezwe, asipewe nafasi ya kulala na kugaragara. Yule mwanamke wa miwani hakukimbia.

"Nifanye nini, mama?"

"Kaa upande ule. Tembea naye. Akitaka kulala, piga kelele."

Akavua viatu vyake vya kisigino, akatembea. Yeye peke yake siku ile alijifunza kitu, na hakuna aliyempa cheti kwa hilo.

"Kwani amelala kwa nini?" mtu mmoja akauliza kutoka nje ya uzio.

Bosi Mdogo alikwisha kufika, anamtazama Bi Kwato kwa macho ya kumwomba anyamaze. Bi Kwato akayaona macho hayo, na kwa mara ya kwanza hayakumgusa.

"Kwa njaa!" alijibu bila kusimama. "Tangu jana jioni hajapewa hata unyasi, ili awafuate nyie na pumba zenu mifukoni. Wiki nane! Mlidhani anawapenda? Anainama kula mchanga, mnaambiwa amewakubali. Mchanga umemjaa tumboni. Hayo ndiyo masomo yenu, nendeni nayo maofisini."

Bwana mmoja akatoa mkono mfukoni, umejaa pumba, akatazama huku na huku asijue pa kuziweka. Mshauri alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alijikung'uta mchanga, akawaomba wageni wahamie ukumbini, ambako kuna vinywaji na sehemu ya pili ya mada. Nao wakahamia! Walikwenda wakitazama chini, lakini walikwenda, wote isipokuwa yule mmoja aliyebaki peku.

Walitembea mpaka saa sita, wakizunguka na kuzunguka. Daktari alipofika alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi asiye na maneno mengi. Alimpima Shungi mapigo, akamtazama ufizi, akamwingiza mpira puani hadi tumboni, akavaa glovu ndefu akapima kwa nyuma. Alipoutoa mkono aliivua glovu taratibu.

"Utumbo umejaa mchanga, na umejisokota," alisema. "Nimechelewa. Hata ningekuja saa mbili ningekuwa nimechelewa. Mchanga huu si wa leo wala wa juzi." Akawageukia. "Nani analisha farasi hapa?"

Bosi Mdogo alikohoa. Mtu laini akibanwa hupata ugumu wa ajabu.

"Anayelisha ni huyu mama," alisema. "Chakula chote ni chini yake."

Yule mwanamke wa miwani akafungua mdomo kusema kitu, Bi Kwato akamzuia kwa mkono.

"Kweli," alimwambia daktari. "Ni mimi. Niliambiwa nisiwape majani, na nilijua ni kosa, nilijua kuliko aliyeniambia, na nikasema haya. Kila jioni ya kuamkia semina niliyatoa mbele yake naye ananitazama. Hakunipiga teke. Angenipiga teke! Andika hivyo kwenye ripoti yako, binti yangu. Mimi sikudanganyika hata siku moja, na nikamuua hivyo hivyo."

Hakulia. Alikuwa na hasira mno kulia. Alimshikia Shungi kichwa wakati sindano ya kumpumzisha inaingia, akazipangusa zile nywele kutoka machoni ili wapate kuonana, na Shungi akashuka chini, uzito wote, kwa mara ya pili siku ile. Kutoka ukumbini yakasikika makofi. Walikuwa wanagawiwa vyeti.

Bi Kwato akasimama, akamwendea Bosi Mdogo, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Mama, sote tumeumia. Tukae kwanza, tuzungumze tutasema nini kwa—"

"Nipe ufunguo."

Kijana akaufungua kwenye mkanda, akampa. Bi Kwato akaenda stoo, akafungua, akapakia marobota kwenye toroli, akapita chumba kwa chumba, akikata kamba kwa kisu na kumwaga majani mpaka yakawafika farasi kifuani. Chumba kimoja alikipita bila kusimama. Bosi Mdogo alimfuata nyuma muda wote, na walipofika mwisho wa ujia akapata la kusema.

"Umenitia aibu mbele ya wateja. Jumatatu usije."

"Jumatatu ni Jumatatu," alisema Bi Kwato. "Leo nina farasi wanane hawajala."

Akapindua ndoo katikati ya ujia, akaikalia, ufunguo ameubana kiganjani. Farasi akila majani makavu hana haraka. Anatafuna, anasimama kufikiri, anatafuna tena. Bosi Mdogo alisimama mlangoni akisubiri apewe ufunguo wake. Alisubiri hadi saa kumi.